Tani moja ya feleji ina hewa ukaa kiasi gani? Inategemea uzio uko wapi

Kazi yangu ni kuhesabu hewa ukaa ya viwanda vya feleji, yaani chuma kigumu kama cha madaraja na majengo. Watu hudhani napanda juu ya bomba la moshi na kifaa mkononi. Wala. Siku nyingi niko kwenye mizani ya malori, maabara, na kwenye bili za umeme. Nahesabu kaboni yote iliyoingia getini, natoa iliyotoka ndani ya bidhaa na iliyobaki ghalani. Iliyosalia imekwenda angani.

Chukua koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka yakabaki karibu kaboni tupu. Mizani ikisoma tani 100, siziandiki zote, maana koki hunyonya maji. Maabara wakikuta unyevu wa asilimia 5, nabaki na tani 95 kavu. Kaboni ikiwa asilimia 88 ya hizo, ni tani 83.6. Kila tani 12 za kaboni huzaa tani 44 za hewa ukaa, kwa hiyo napata tani 306 na ushei. Ukisahau maji utaandika zaidi ya 322. Kosa la namna hiyo hugunduliwa upesi, kwa sababu linamwonyesha mwenye kiwanda kuwa mchafu kuliko alivyo. Makosa ya upande wa pili ndiyo yenye maisha marefu.

Mengi ya hayo yako kwenye uzio, yaani mpaka wa kinachohesabiwa na kinachoachwa nje. Gesi inayotoka juu ya tanuru la koki na madini ya chuma bado inawaka; kiwanda huiuza kwa mtambo wa umeme wa jirani, kisha kinasema moshi ule ni wa jirani. Mwingine hununua koki na chokaa badala ya kuchoma mwenyewe, na hesabu yake inapungua bila hata gramu moja kupungua angani. Ndiyo maana nikipewa tarakimu moja tu, kwanza nauliza ni nini kimeachwa nje.

Halafu kuna chuma chakavu. Ukiyeyusha chakavu kwenye tanuru la umeme, hesabu huwa kama tani 0.7 kwa kila tani ya feleji. Ukianza na madini na koki, ni kama 2.3. Kwa hiyo njia rahisi ya kupendeza kwenye ripoti ni kununua chakavu zaidi. Sawa, lakini chakavu duniani hakitoshi, kwa sababu feleji iliyomo kwenye madaraja na majengo haitarudi leo wala kesho. Ukikivutia kwako, mwenzako ataongeza madini. Mimi siamini ulinganisho wowote usiotaja kiwango cha chakavu.

Kwenye madini ndiko kwenye kazi yenyewe. Pale kaboni si kuni tu: ndiyo inayoipokonya madini oksijeni ili chuma kibaki. Ukileta joto la umeme safi peke yake, oksijeni inabaki palepale. Hidrojeni inaweza kufanya kazi hiyo, na badala ya hewa ukaa ikatoa mvuke wa maji. Kule Sweden, kampuni za SSAB (ya feleji), LKAB (ya madini ya chuma) na Vattenfall (ya umeme) zilianzisha mradi wa HYBRIT mwaka 2016, na mwaka 2021 feleji ya kwanza ya njia hiyo ikafika kwa Volvo.

Naupenda mradi ule, ila angalia hesabu yake. Tani moja ya feleji inahitaji zaidi ya kilo 50 za hidrojeni, na kila kilo hula umeme wa kama kilowati-saa 50 kuipata kutoka kwenye maji. Hizo ni zaidi ya 2,500 kabla hujayeyusha chochote. Umeme wa makaa ya mawe hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, basi unarudi palepale kwenye tani mbili na nusu, na gharama juu yake. Mtu akiniletea cheti cha feleji ya hidrojeni, namwomba bili ya umeme kwanza.