Sangara themanini na wastani wa 53

"Shangazi, kwa nini nizidishe kwa 44.5 wakati hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepata 44.5?"

Mtoto wa kaka aliniuliza hivyo juzi, ana jedwali la alama za mtihani mbele yake na penseli mdomoni. Nikamwambia: ukishawaweka watu kwenye fungu la 40–49, umekubali kusahau kila mmoja alipata ngapi. Unachobakiwa nacho ni kudhani kwamba wamesambaa sawasawa ndani ya fungu, na kwa dhana hiyo nukta ya kati ya fungu, hapa 44.5, inasimama badala ya kila mmoja wao. Akaridhika, akaendelea kuandika. Mimi ndiye niliyerudi kwa mawazo mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inaposhusha samaki, kwenye sangara themanini niliowahi kuwapima.

Ilikuwa siku ya kupima urefu wa samaki. Asubuhi hiyo nilikuwa na ubao wa kupimia, daftari, na mzee mmoja wa kunishikia samaki. Sangara analazwa ubavu, mdomo umefumbwa na kugusa kizuizi cha mbele, mkia unaachwa ulivyo bila kuvutwa, ndipo unasoma mwisho wa mkia. Tulikuwa tunaandika sentimita nzima iliyo karibu.

Mwenye mtumbwi alisimama nyuma yangu muda wote. Alijua, kama mwalo mzima ulivyojua, kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Akawekwa mmoja, ubao ukasoma 49 na milimita nne. "Huyo hamsini, dada. Mnyooshe kidogo." Mzee akamgeuza, tukapima upya: 49 na milimita nne. Nikaandika 49. Aliyefuata alisoma 49 na milimita sita, nikaandika 50, kwa kuwa ndivyo kanuni ya kukadiria inavyotaka. Mvuvi akashangaa. Samaki wawili wamepishana milimita mbili, wote wako chini ya kipimo cha sheria, lakini mmoja ameingia fungu la 40–49 na mwenzake la 50–59. Hapo ndipo mpaka halisi wa mafungu ulipo: 49.5. Kitabuni unaonekana ni urembo wa fomula. Pale ubaoni ulikuwa na magamba.

Kufikia saa sita tulikuwa tumemaliza. Nikahesabu vijiti nilivyochora daftarini, kimoja kwa kila samaki, vinne na cha tano kinapita juu, nikapata hivi: 30–39, samaki 8; 40–49, 34; 50–59, 18; 60–69, 9; 70–79, 6; 80–89, 3; 90–99, 2. Jumla 80. Hesabu hiyo ya jumla usiiruke hata siku moja. Ikitoka 79, kuna kijiti kimepotea, na kila kitakachofuata ni bure.

Wastani niliutafuta kwa njia ya kudhani, kwa sababu kuzidisha nukta za kati zenye desimali kwa mkono ni kualika makosa. Nilidhani 54.5, nukta ya kati ya 50–59. Kila fungu likapewa hatua yake kutoka hapo: −2, −1, 0, 1, 2, 3, 4. Zidisha kwa marudio, yaani idadi ya samaki wa kila fungu: −16, −34, 0, 9, 12, 9, 8. Jumla ni −12. Gawanya kwa 80, zidisha kwa upana wa fungu ambao ni 10, unapata −1.5. Wastani: sentimita 53.0. Upana ni 10, si 9. Wengi hutoa 30 kwenye 39 wakapata 9, na kosa hilo linaharibu kila fomula yenye upana ndani yake. Pima kutoka mpaka halisi hadi mpaka halisi, 29.5 hadi 39.5.

Mkubwa wetu wa kituo aliusoma wastani, akafurahi. "Hamsini na tatu. Basi samaki wetu wako juu ya kipimo." Akaanza kujaza fomu.

Nikamwomba asubiri nitafute mediani, yaani urefu wa samaki wa katikati wakipangwa kwa ukubwa. Nusu ya 80 ni 40. Limbikizo la marudio, yaani jumla inayoongezwa fungu kwa fungu, linaanza 8, kisha 42, kwa hiyo samaki wa 40 yumo ndani ya 40–49. Mpaka wa chini ni 39.5, toa wale 8 waliotangulia kwenye 40, zinabaki 32, gawanya kwa 34 za fungu lenyewe, zidisha kwa 10, unapata 9.4, jumlisha na 39.5. Mediani 48.9. Modi, yaani urefu unaojirudia zaidi, nayo ilikaa fungu lilelile: tofauti ya 34 na 8 ni 26, ya 34 na 18 ni 16, kwa hiyo 39.5 jumlisha 26 juu ya 42 mara 10, sawa na 45.7. Nikamwonyesha safu ya limbikizo: samaki 42 kati ya 80 wako mafungu mawili ya chini. Zaidi ya nusu ya mzigo ni wadogo. Wale wachache wakubwa ndio walioupandisha wastani, na mkengeuko sanifu wa 14.0, yaani kipimo cha mtawanyiko, ulikuwa unasema samaki wametawanyika mbali na wastani huo, kwa mtu anayetaka kusikia.

Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Ila fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "wastani wa urefu". Akaandika 53.0. Mimi nikalinakili jedwali lote nyuma ya karatasi, mediani chini yake, nikapiga mstari.

Tangu siku ile nafikiria ni tarakimu gani ilistahili kisanduku kile. Mediani ni bora kuliko wastani data zikiwa zimevutwa upande mmoja, hilo nalitetea popote. Lakini nayo ilitegemea dhana kwamba wale 34 wamesambaa sawasawa, na mimi niliyewapima najua wengi walijazana 47, 48, 49. Mediani ya kweli huenda ilikuwa juu kidogo ya 48.9. "Samaki 42 kati ya 80" haihitaji fomula wala dhana yoyote, ila haisemi neno juu ya wale wawili waliopita sentimita 90, na majike wa ukubwa huo huwa na mayai mengi kuliko wadogo. Kila tarakimu niliyoijaribu iliacha samaki fulani nje. Ningekuwa na uamuzi, fomu ingekuwa na safu saba, moja kwa kila fungu.