Kisima kisichokuwa na seli

Sahani yetu ya plastiki, ya kupimia kama madondoo ya mimea yanaua seli za saratani, ina visima 96, na wiki iliyopita kisima kimoja ambacho sikukitia seli hata moja kiligeuka zambarau. Nilikitazama kwa muda mrefu, kwa sababu katika kipimo cha MTT zambarau inapaswa kuwa ushahidi wa uhai: chumvi ya manjano tunayoitia, MTT yenyewe, hubadilishwa na vimeng'enya vya seli hai kuwa fuwele za zambarau, nasi huziyeyusha na kupima ukolezi wa rangi yake kwa mashine, kwa mwanga wa nanomita 570 hivi. Rangi ikififia, tunasema dawa imeua. Kisima changu kilikuwa na dondoo la majani peke yake, na polifenoli, yaani kemikali za mmea zilizomo, ndizo zilizoigeuza chumvi ile bila msaada wa seli yoyote.

Kwa hiyo majani ambayo kwa miezi miwili nimekuwa nikiyaandika kuwa hayana nguvu huenda yaliua kila kitu, kisha yakajipaka rangi ya walio hai. Njia ya kulizuia kosa hili inajulikana, nami niliipuuza kwa haraka: kumwaga dondoo na kuziosha seli kabla ya kutia MTT, na kuweka kwenye kila sahani visima vya dondoo bila seli.

Kosa la upande wa pili, la kuona nguvu isiyokuwepo, ndilo linalopendwa zaidi, kwa kuwa linaleta habari njema. Madondoo mengi hayayeyuki katika maji, hivyo tunayayeyusha katika DMSO, kiyeyushi cha maabara, na DMSO yenyewe ikizidi kiasi huua seli. Tena, kwa kiwango kikubwa cha kutosha, hata chumvi ya mezani itaua. Ndiyo maana wengi wetu hatulishughulikii sana dondoo ghafi linalohitaji zaidi ya maikrogramu 30 kwa mililita kuzipunguza seli za saratani kwa nusu, na hata lile linalofanya hivyo chini ya kiwango hicho, hulipima pia kwa seli zisizo za saratani, kwa mfano zile za Vero zilizotokana na figo ya tumbili. Linaloua zote sawasawa ni sumu tu, ingawa katika mazungumzo ya nyumbani nimeshindwa kabisa kulieleza hili. Shangazi yangu wa Kwale, pwani ya Kenya, husikia neno “linaua” na kuuliza majani yachemshwe kwa muda gani.

Kwale hiyohiyo ina kisa chake. Mwaka 1972 S. Morris Kupchan na wenzake, huko Marekani, walitangaza maitansini, waliyoitoa katika mmea wa jenasi ya Maytenus kutoka Ethiopia, nayo iliua seli za saratani kwa kiasi kidogo cha kushangaza, kwa kuzuia vijinyuzi ambavyo seli huvihitaji ili igawanyike. Katika mmea wenyewe ilikuwa haba mno, hata takriban tani 27 za Maytenus buchananii zikavunwa katika vilima vya Shimba, hapo Kwale, kwa ajili ya majaribio. Kisha wagonjwa walipopewa, madhara yalikuwa makali na nafuu ikawa ndogo, na majaribio yakaachwa. Sahani haikudanganya, haikuulizwa tu kuhusu matumbo na neva za mtu.

Maitansini ilirudi baada ya miongo kadhaa, safari hii umbo lake lililobadilishwa kidogo limefungwa kwenye kingamwili inayoitafuta HER2, protini inayojaa juu ya baadhi ya seli za saratani, ili sumu ifunguliwe ndani ya seli iliyolengwa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa saratani ya matiti mwaka 2013. Malighafi yake hutoka kwa bakteria wanaokuzwa katika matangi, si kwa vichaka vya Shimba, jambo ambalo kwangu linatia uchungu kidogo nikizikumbuka zile tani.

Leo asubuhi nimepanda sahani mpya. Safu nzima ya mwisho haina seli.