Kidonge kimoja kilichonihangaisha miezi mitatu

Watu wakisikia nameza kidonge kimoja tu kwa siku hunionea wivu. Hicho kimoja kilinitoa jasho, mimi ambaye wakati huo nilikuwa nalala na soksi na sweta.

Tezi ya thairoidi ilikuwa imezembea. Uso umevimba, nasinzia nimekaa, nywele zinabaki kwenye kitana. TSH, homoni ya damuni inayopanda tezi hii ikizembea, ikasoma 38. Nikaandikiwa levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni ya tezi hiyo, mikrogramu 50, turudie kipimo baada ya wiki sita.

Hapo akaingia shangazi. "Mwanangu, dawa haimezwi na njaa, itakukwangua tumbo. Iteremshe na maziwa." Nikatii. Tena kwa kuwa nilikuwa na upungufu wa damu, nikaunganisha na kidonge cha madini ya chuma humo humo. Glasi moja, kazi imekwisha! Nikajiona mjanja kweli.

Wiki sita: 31. Dozi ikapandishwa hadi 75. Wiki sita nyingine: 27. Daktari akaniangalia kama mtu anayeficha vidonge chini ya godoro. "Unameza kweli?" Nikapandisha sauti: nameza kila siku, na maziwa, na chuma! Akaweka kalamu chini. Kumbe chuma na kalsiamu ya maziwa hunasana na dawa hii tumboni, ikapita zake bila kuingia kwenye damu. Chuma kikae mbali nayo kwa muda wa saa nne.

Sasa nameza alfajiri na maji matupu, chuma kimehamia jioni. Kahawa nayo husubiri saa nzima. Wengine husubiri nusu saa, mimi sitaki tena mchezo.

Ila kumeza alfajiri kuna balaa lake. Narudi kulala, nikiamka sijui nilimeza au niliota. Kuna siku nilimeza mara mbili. Ndipo nikabuni hili, na najivunia: nikishameza, kichupa nakisimamisha kichwa chini, usiku nakigeuza. Likafanya kazi siku tatu, kisha nikaanza kukikuta kimesimama vizuri kila asubuhi. Wiki nzima nimejiona nachanganyikiwa. Kumbe mume wangu, mpenda mpangilio, kila akipita anakinyoosha! Tulizozana hadi kikabandikwa karatasi: USIGUSE.

Mikrogramu 75 zile zile zikashusha TSH hadi 2.8. Shangazi anasema ni yale maziwa, yalitangulia kulainisha njia.