Zaburi 88 msibani

Nimetoka msibani sasa hivi. Jirani yetu amefiwa na mwanawe.

Tangu juzi wageni wanapishana pale mkekani: "Jikaze mama", "Kazi ya Mungu haina makosa". Yeye kimya, khanga usoni.

Leo mzee mmoja wa kanisa akafungua Biblia. Nikajua ni Zaburi 23, kama kawaida yetu.

Akasoma ya 88.

Wanaoijua wanajua. Hemani Mwezrahi, anayetajwa kuwa mtunzi wake, analia mchana na usiku, anamuuliza Mungu mbona anamficha uso wake, na zaburi inaishia gizani. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki!

Watu wakatazamana. (Nami nikawaza mzee kakosea ukurasa.)

Mama akashusha khanga.
"Hebu rudia hapo mwisho."

Mzee akarudia. Ndipo mama akalia, kilio cha sauti ambacho hatukuwa tumekisikia tangu msiba uingie. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baadaye akakubali uji, nusu kikombe.

Ninyi mkibanwa huwa mnafungua wapi? Ayubu? Maombolezo? Niandikieni hapa, kesho narudi kwake.