Daftari nililompelekea daktari wa mwanangu

Usiku wa siku tuliyoambiwa kwamba mwanangu ana ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, nilitoa kadi yake ya kliniki kabatini nikaanza kuandika yote niliyodhani yangeweza kuwa chanzo. Alikuwa na miaka 11, uzito wake haujapanda mwaka mzima, na kolonoskopi, kipimo cha kamera ndani ya utumbo, ilikuwa imeonyesha vidonda pale utumbo mdogo unapoungana na mpana. Nikaandika: alizaliwa kwa upasuaji. Alinyonya wiki sita tu, maziwa yakakata. Masikio yalimsumbua, akameza antibayotiki mara nne kabla ya kutimiza miaka miwili. Baba yake alivuta sigara humohumo ndani.

Daktari alisoma yote, kisha akaniomba kalamu. Upasuaji aliufuta, tafiti nyingi hazikuona tofauti ya maana. Kunyonya hakukufuta: walionyonya, hasa kwa muda mrefu, hupata ugonjwa huu kwa uchache. Moshi wa sigara aliuwekea alama ya kuuliza, kwa sababu kwa mvutaji mwenyewe madhara yanajulikana, lakini kwa mtoto anayeuvuta tu matokeo yanapingana.

Kwenye antibiotiki tulikaa sana. Katika miaka mitatu hivi ya mwanzo ndipo bakteria wa tumboni wanapojipanga, na kinga ya mwili inajifunza nani wa kuishi naye na nani wa kupigana naye. Dawa hizi zinafagia wabaya na wengi wa wazuri pia. Waliopewa dawa hizi mara nyingi utotoni huonekana zaidi miongoni mwa wagonjwa. Ila, akasema, mtoto anayeugua kila mara huenda kinga yake ilishakuwa na kasoro tangu mwanzo, na dawa ikawa dalili tu ya kasoro hiyo. Na sikio lile lilikuwa linatoa usaha, Mama. Ungefanyaje?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemshika mtoto usiku kucha akilia.

Nilimuuliza kuhusu damu ya ukoo. Akasema jeni moja ya kurithi, NOD2, ilihusishwa na Crohn mwaka 2001, lakini hata kwa mapacha wa yai moja, mmoja akiugua, mara nyingi zaidi mwenzake hapati. Tena watoto wa familia zinazohamia nchi yenye wagonjwa wengi hukaribia hatari ya wenyeji. Kwa hiyo mazingira yana mkono wake, na hakuna anayeweza kunionyesha ni siku ipi yalimgusa mwanangu. Hilo bado linaniuma.

Mdogo wake ana miezi minane na bado ananyonya. Wiki iliyopita alipata mafua na homa. Daktari akasema ni virusi, hahitaji antibayotiki. Sikubishana, ingawa nilimpima joto kila saa. Baba yao ameacha sigara.

Daftari ninalo bado. Kurasa za nyuma naandika uzito wa kaka yake: kilo 28.5, 29, 29. Leo asubuhi 30.2.