Usiku wa Salah na hesabu za Januari 2014

Aprili 24, 2018, Liverpool na Roma walikutana nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na kibanda umiza chetu cha Temeke kilijaa kabla ya saa nne kasorobo usiku. Kufika mapumziko Mohamed Salah, mshambuliaji wa Liverpool, alishafunga mawili dhidi ya klabu iliyomuuza kiangazi kilichotangulia. Siku mbili nyuma wachezaji wenzake wa Uingereza walimchagua bora wa mwaka, kiungo wa Manchester City Kevin De Bruyne akiwa wa pili. Wote wawili walipita Chelsea chini ya kocha Mourinho na wakaachwa waende, De Bruyne akiuzwa Wolfsburg ya Ujerumani Januari 2014, basi kijana mmoja wa bodaboda akatoa hukumu: "Mourinho alikuwa kipofu."

Mhasibu mmoja mtu mzima, Chelsea damu, akageuza kiti. "Mwanangu, sema kwanza Januari 2014 alikuwa anaona nini."

Swali hilo ndilo lililokesha nasi. De Bruyne wa wakati ule alikuwa na mechi tatu za ligi msimu mzima, mbili akianza, na mbele yake walikuwepo Hazard, Oscar na Willian. Ile nafasi aliyoitaka ilishamchosha hata Mata, aliyekuwa mchezaji bora wa klabu misimu miwili mfululizo na bado akauzwa Manchester United kwa pauni milioni 37 dirisha hilohilo. Kilichokosekana kilikuwa kiungo mkabaji, akarudishwa Matic kutoka Benfica kwa 21. Salah akaja kutoka Basel kwa kama 11.

Mzee akaomba kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya mkeka. Ada ya usajili haiingii vitabuni yote mwaka mmoja, inagawanywa kwa miaka ya mkataba. De Bruyne alitoka Genk mwaka 2012 kwa karibu pauni milioni 7, mkataba wa miaka mitano na nusu, kwa hiyo kila mwaka inafutika kama 1.3. Baada ya miaka miwili thamani yake vitabuni ni kama 4.5. Wolfsburg wakitoa 18, faida ya 13.5 inahesabiwa yote msimu huohuo, ilhali Matic kwa mkataba wa urefu uleule anakula chini ya 4 kwa mwaka. Na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilikuwa imeanza kubana hasara za klabu, mwisho euro milioni 45 kwa kipindi cha ukaguzi.

Kuna jambo watu hulisahau: kwa kanuni ya wakati ule, Matic na Salah hawakuruhusiwa kuichezea Chelsea Ulaya msimu ule, kwa sababu walishacheza makundi na Benfica na Basel. Usajili ule ulikuwa wa msimu uliofuata. Msimu uliofuata Chelsea ilichukua ubingwa kwa pointi 87, Matic akiwa kwenye kikosi bora cha mwaka. Anayempima Mourinho kwa alichoajiriwa kufanya hawezi kuuruka ubingwa huo.

Kijana naye hakuwa mjinga. "Sawa mzee wangu, auze. Mbona hakuweka kipengele cha kumrudisha?" Real Madrid ilimuuza mshambuliaji wake Morata kwa Juventus mwaka 2014 kwa euro milioni 20 na haki hiyo mkononi, 2016 ikamrudisha kwa 30. De Bruyne aliondoka Wolfsburg 2015 kwenda Manchester City kwa pauni zinazokaribia milioni 55. Hapo nilikuwa upande wa kijana, ingawa kipengele hicho nacho kina bei yake: mnunuzi hupunguza ada, na mchezaji lazima akubali kurudi. De Bruyne alikuwa ameomba kuondoka.

Kesi ya Salah ni nyingine kabisa, na ndiyo wengi huichanganya. Februari 2015 alikwenda Fiorentina kwa mkopo, winga wao Cuadrado akija Chelsea. Agosti akapelekwa Roma, mkopo wa euro milioni 5 na ruhusa ya kumnunua kwa 15. Roma iliitumia ruhusa hiyo 2016, wakati Mourinho alishafukuzwa tangu Desemba 2015. Alaumiwe kwa kutompa dakika, na kwa bei iliyopangwa akiwa bado kazini. Kalamu ya mwisho haikuwa yake.

Mpira uliisha 5-2, Salah ameongeza pasi mbili za mabao kabla ya kutolewa, na hakuna aliyeondoka. Kijana alikuwa amebakiza Lukaku, mshambuliaji mwingine wa Chelsea: aliuzwa Everton 2014 kwa pauni milioni 28, na 2017 Mourinho huyohuyo, wakati huo akiwa kocha wa United, akamchukua kwa 75. Matic naye akamfuata kiangazi hichohicho kwa 40.

"Hizo ni hela za United," mzee akajibu. "Mimi natetea vitabu vya Chelsea."

"Na macho ya kocha je, yako vitabu vya nani?"

Mzee akaomba karatasi igeuzwe upande wa pili.