Mikono ya Bi Kidude

Leo mchana nimepita kwa mchoraji mmoja hapa Mji Mkongwe, nikakuta picha ya Bi Kidude, yule mwimbaji wa Zanzibar. Rangi bado mbichi.

Uso kauchora harakaharaka tu. Mikono ndiyo kaihangaikia: mishipa imetutumka, viganja viko juu ya ngoma ya msondo.

Nimesimama pale mpaka mwenye duka akadhani nanunua 😅

Wengi tunamkumbuka kwa taarabu, lakini bibi yule alikuwa somo wa unyago, akiwafunda wari, wasichana waliovunja ungo, kwa ngoma na nyimbo hadi uzeeni. Alifariki Aprili 2013. Naona mchoraji anasema elimu ile ilikaa mikononi.

Ila sigara hakumpa! Bi Kidude gani huyo?

Nyie mngemchora kashika nini?